Kutoka Kitandani Hadi Motoni

Kaka yangu Tjikuua aliweka sharti moja tu, tena kwa simu, akiwa kazini kwake Windhoek. Baba aamke kitandani mwake katika nyumba mpya, atoke, afike kwenye moto wa wazee peke yake, bila mkono wa mtu. Akifika, anabaki bomani na mimi. Asipofika, siku hiyo hiyo anapanda gari kwenda kuishi kwa Tjikuua, ghorofa ya tatu, kule ambako moto pekee ni wa jiko la umeme.

"Umekubali?" akauliza.

"Nimekubali. Na uje na Shangazi awe shahidi."

"Unajiamini sana wewe."

"Nyumba nimeichora mwenyewe, Kaka."

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu Baba apofuke kabisa. Katika nyumba yetu ya zamani, ya udongo na samadi, hakuhitaji macho. Aliijua kama ulimi unavyoyajua meno. Lakini mvua ya Februari iliangusha ukuta mmoja juu yake, ikamvunja mbavu mbili, na tangu siku hiyo alilala kwenye kibanda cha mabati kando ya zizi, mchana tanuri, asubuhi ya Juni barafu. Ndipo Tjikuua alipoanza habari za fleti. Ndipo na mimi nilipoacha kazi Otjiwarongo, ambako kwa miaka tisa nilikuwa nachora ramani za nyumba katika ofisi moja. Nyumba kumi na nne za shambani, zote za watu wengine. Ya kumi na tano ilikuwa yetu.

Baba akiondoka, moto unakufa. Hakuna kuzungukazunguka hapo. Moto wa wazee wetu waliokufa haupandi ngazi. Kila asubuhi Baba huketi pale kwenye gogo la mgunga, akazungumza na waliotangulia, akaonja maziwa kabla mtu mwingine hajayatia mdomoni. Jioni mimi, binti mkubwa, tena sijaolewa, hubeba kaa moja la moto nikaliingiza ndani alimolala yeye, na alfajiri nikalirudisha nje. Alifanya hivyo shangazi yangu alipokuwa msichana, na shangazi wa Baba kabla yake. Sikuwa tayari kuwa wa mwisho.

Jumamosi saa tatu asubuhi pikapu ya Tjikuua iliingia lango la barabarani, ikasimama mbele kabisa ya baraza. Akashuka yeye, viatu vinang'aa. Kisha akashuka Shangazi Vekondja, kwa awamu: kwanza kilemba chenye pembe mbili kama za ng'ombe, halafu gauni, halafu gauni tena, mwishoni mwenyewe.

"Nyumba nyeupe pee," alisema. "Kama jino la kubandika. Moto uko wapi?"

"Nyuma ya nyumba, Shangazi. Sikuuhamisha hata unyayo mmoja."

"Nyuma?"

Alisema neno hilo moja tu, akakusanya gauni lake, akaizunguka nyumba nzima kwa miguu kwenda kuwasalimu wazee. Vumbi lilimfuata. Tjikuua alikuwa ameshapanda barazani na kuingia mlango mkubwa bila kusalimu moto, kwa sababu kutoka pale haukuonekana. Hilo nililiona kwa macho yangu mawili mazima. Sikulielewa.

Baba alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti cha ngozi, fimbo kati ya magoti, kofia kichwani. Wakasalimiana. Shangazi aliporudi anahema, nikaanza kuwatembeza.

"Hakuna ngazi," niliwaambia. "Hata kizingiti hakuna. Kutoka barazani mpaka chumba cha mwisho, sakafu ni moja. Baba hawezi kujikwaa hata akitaka."

"Mimi nitataka vipi kujikwaa?" Baba aliuliza.

"Ni namna ya kusema, Baba."

Sebule ile ilikuwa fahari yangu. Niliiacha wazi, pana, sehemu ya kukaa na sehemu ya kula na jiko vyote vikitazamana, paa likipanda juu hadi kwenye boriti. Dirisha kubwa na mlango wa mabawa mawili vyote vinatazama barabara, ili mgeni akishuka tu apokelewe na nyumba. Katikati ya jiko nilijengesha meza ya zege ambayo watu wanane wanaweza kuizunguka.

"Ng'ombe mzima analala hapa," Shangazi alisema, akiipiga kofi.

"Ndiyo maana yake, Shangazi."

"Na moshi?"

"Hakuna moshi. Jiko la gesi."

"Basi nzi watafurahi."

Upande wa kulia wa sebule ni korido, pana kiasi cha watu wawili kupita bila kugusana mabega. Vyumba vitatu vya kulala, cha Baba mwishoni, na bafu lake ndani, lenye vyuma vya kushikilia. Tjikuua alivitikisa vile vyuma kwa nguvu zake zote. Havikutikisika. Upande wa pili wa nyumba, baada ya jiko, kuna chumba cha kuvulia mabuti, chenye sinki na misumari ya makoti, kina mlango wa pembeni wa kutokea zizini. Nikawaonyesha tanki la maji, mabomba, hata mfereji wa maji ya mvua.

Cha mwisho nikawafungulia stoo ya chakula. Iko nyuma ya sebule, mkabala na mlango mkubwa. Nyumba zote kumi na nne nilizochora zilikuwa na stoo kama hiyo, na kila nilipoichora nilikumbuka mama yangu akificha unga wetu kwenye debe ili panya wasiuone. Rafu za mbao kutoka chini hadi juu. Dirisha pana la kuingiza hewa. Magunia ya unga, sukari, majani ya chai, vibuyu vya maziwa vimening'inia kwa mstari.

"Haya sasa," alisema Shangazi, na safari hii hakuwa na mzaha. "Mama yako angelala humu humu."

Fundi Hamunyela, mtu wa kabila la Waambo kutoka kaskazini aliyenijengea, alikuwa juu ya ngazi anapaka rangi fremu ya dirisha la jiko. Alicheka. "Nilimwambia dada, hii stoo ni kubwa kuliko nyumba yangu."

"Na wewe ukajenga tu," Tjikuua akasema.

"Mimi najenga karatasi inavyosema, kaka. Karatasi ikisema nijenge kanisa, najenga kanisa."

Tjikuua akatazama saa yake. "Nyumba nzuri, mdogo wangu. Sikudanganyi. Ningekuwa nanunua ningenunua. Lakini sikuja kununua. Baba, uko tayari?"

"Mimi niko tayari tangu mlipoanza kusifu vyuma vya choo," alisema Baba.

Nilikuwa nimemfundisha njia wiki nzima, mkono wangu begani mwake. Hatua nne kutoka kitandani hadi mlangoni. Kumi na moja za korido. Hapo ukuta unaisha, unaingia sebuleni. Shika ukuta wa stoo kwa mkono wa kulia, nyoosha, pita jikoni, ingia chumba cha mabuti, toka mlango wa pembeni, geuka, fuata ukuta wa nje hadi katikati ya nyumba, kisha acha ukuta uende mbele. Unafika motoni. Kwenye karatasi ilikuwa njia safi. Alikuwa ameipita nami mara kumi na mbili na kila mara alisema, "Sawa, mama," kwa sauti ambayo mtu hutumia kumwitikia muuza bima.

Akalala kitandani na viatu vyake. Sisi tukasimama sebuleni. Fundi akaacha brashi.

Tukasikia fimbo. Nne. Kisha korido, polepole, kumi na moja, mkono wake ukifuata ukuta kwa utulivu wa mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe wake. Akatokea sebuleni. Akasimama pale ukuta unapoishia.

Mlango mkubwa ulikuwa wazi, na upepo uliingia ukamgusa uso.

Akageuka kushoto. Aliuacha ukuta wa stoo, akainua kichwa, akatembea kwenda kwenye upepo, tena kwa hatua ndefu ambazo sikuwa nimeziona kwake tangu Februari. Akatoka mlango mkubwa. Akavuka baraza. Akanyoosha mchangani, mgongo wima, mtu anayekwenda kwake, akielekea lango la barabarani.

Nilitaka kupiga kelele, nikajiuma mdomo. Sharti ni sharti.

Fimbo yake iligonga tairi la pikapu. Akasimama. Akainama kidogo, akavuta hewa puani, kushoto, kulia. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo:

"Moto uko wapi? Mmeuondoa?"

Shangazi ndiye aliyemfikia kwanza. "Upo, kaka yangu. Upo nyuma yako. Nyumba iko katikati."

"Nyuma yangu?"

"Ndiyo."

"Nimetoka mlango mkubwa."

"Ndiyo, umetoka mlango mkubwa."

"Sasa moto unakuwaje nyuma yangu?"

Nikamkimbilia. "Baba, si nilikwambia mlango wa mabuti? Mara kumi na mbili!"

"Uliniambia," alisema. Alinigeuzia uso, macho yake meupe yakanipita juu ya bega. "Mama, miaka sabini na tisa natoka nyumbani uso wangu uko motoni, na mbele ya moto liko zizi. Babu yako alitoka hivyo. Mlango mkubwa ni wa kutokea kwenda kwa wazee. Miguu yangu ilisahau njia yako ikakumbuka yao. Sasa wewe unataka niwaendee kwa kupitia kwenye mabuti? Nifike nimwambie nini baba yangu, kwamba nimetokea ubavuni kama kuku?"

Nilitazama nyumba yangu. Nyeupe, ndefu, nzuri, fremu nyeusi, baraza la magogo. Ilikuwa imekaa sawasawa katika mstari wa zamani: zizi, moto, nyumba. Nilipima mstari ule kwa kamba mimi mwenyewe. Kisha nikaigeuza nyumba. Watu kumi na nne niliowachorea walitaka nyumba inayotazama barabara, na mkono wangu ulishazoea. Mimi, binti wa boma lile, mbeba kaa, niliijenga nyumba ya baba yangu ikaupa moto mgongo. Fundi asingeweza kujua. Kwao mambo ni mengine. Mimi nilijua. Nilijua kabla sijajua kusoma.

Tjikuua alikuwa ameshachukua blanketi la Baba kutoka kibandani, ambako bado alikuwa analala usiku, amelikunja, analiweka kwenye siti ya mbele. Hakuwa na furaha. Nataka hilo lieleweke. Kaka yangu si mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa nyumbani likizoni Februari ile, akamkuta Baba chini ya ukuta, akamchimbua kwa mikono.

"Tumekubaliana," alisema.

"Unaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi. Sitaki kuendesha usiku, tandala wanaruka barabarani."

"Sharti lako lilisema leo. Saa kumi ni leo."

"Utamfundisha nini saa hizi tano ambacho hukumfundisha wiki nzima?"

"Yeye simfundishi kitu. Nyumba ndiyo itajifunza."

Nikaingia ndani. Nilisimama kwenye mlango mkubwa, mgongo wangu ukiwa kwenye barabara, nikatazama mbele. Sebule. Mlango wa stoo. Ndani ya stoo, dirisha pana. Nyuma ya dirisha lile, hatua ishirini, moshi mwembamba ukipanda.

"Fundi," nikaita. "Nyundo kubwa iko wapi?"

"Nyundo ya nini, bosi?"

"Ya stoo."

Hamunyela alishuka ngazi taratibu kama mtu anayemkaribia ng'ombe mwenye kichaa. "Dada, nisikilize. Ukuta si kitumbua. Ukitoboa mlango bila linta ya kubeba ukuta wa juu, paa linakuja kutusalimia."

"Linta ipo. Juu ya dirisha. Nani aliisuka nondo zake?"

"Mimi."

"Inabeba?"

"Inabeba hata kanisa."

"Basi chini ya dirisha kuna nini? Matofali yaliyokaa tu, hayabebi kitu. Tukiyatoa yale, dirisha linakuwa mlango. Upana mita moja. Nimelichora mimi, nakumbuka."

Alinitazama, akatazama dirisha, akatazama rafu. "Na hizo mbao? Nimezipiga msasa siku tatu."

"Utazipenda zaidi zikiwa kitanda chako. Zichukue."

Tulianza saa tano kasoro. Magunia nikayaburuta hadi sebuleni. Vibuyu Shangazi alivibeba kimoja kimoja, akinung'unika jina la kila ng'ombe aliyekamuliwa ndani yake. Rafu zilitoka zikilia, misumari ya inchi nne. Fundi akalitoa dirisha na fremu yake zima zima, akaliegemeza nje. Pigo la kwanza la nyundo lilikuwa langu. Lilinirudia mikononi hadi kwenye meno, na tofali halikuwa na hata ufa.

"Ulisema unataka imara," Fundi alisema. "Nikakuwekea imara."

Nikapiga tena. Nilipiga fahari yangu ya stoo. Nilipiga zile nyumba kumi na nne moja baada ya nyingine. Pigo la tisa au la kumi, tofali likapasuka, mwanga ukaingia chini kabisa ambako haukupaswa kuingia.

Tjikuua alikaa kwenye meza ya zege na chai, akitutazama. "Unaharibu nyumba, Uapingene."

"Naimalizia."

"Na asipofika tena? Utabaki na tundu."

"Nitabaki na tundu linalotazama moto. Sogea, vumbi litaingia kwenye chai yako."

Hakusaidia. Ilikuwa haki yake. Alikuwa upande wa pili wa dau. Shangazi, mwenye miaka sabini na moja, alikunja gauni lake kiunoni, pembe za kilemba zikiwa nyeupe kwa vumbi, akabeba vipande vya matofali nje kwa beseni. Nilimwomba aache. "Nyamaza ubomoe," akanijibu. "Na mimi niliona asubuhi nikanyamaza. Nilizunguka nyumba yote ile kama jini, nikasema labda ndiyo usasa. Kila tofali ninalobeba ni la kunyamaza kwangu."

Saa tisa na nusu tundu lilikuwa mlango, kama unaweza kukiita mlango kitu chenye meno kila upande. Chini mstari mmoja wa matofali uligoma. Ulikuwa umeshikana na zege la msingi, na kila nilipoupiga nyundo iliruka. Mikono yangu ilikuwa imetoka malengelenge, yamepasuka.

"Huo unahitaji siku nzima na patasi," Fundi alisema.

Ulikuwa na kimo cha kiganja. Kizingiti, katika nyumba niliyoapa haitakuwa na kizingiti.

"Saa kumi kasoro kumi," alisema Tjikuua kutoka jikoni.

Nikaufagia. Sikuwa na la kufanya zaidi. Mlango mkubwa wa barabarani nikaufunga na kutia komeo. Kisha nikaenda kwa Baba, aliyekuwa amelala chumbani kwake mchana kutwa akisikiliza nyumba ikivunjwa.

"Baba, nimebadilisha njia."

"Nimesikia."

"Korido ni ile ile. Ikiisha—"

"Usiniambie," alisema. "Toka."

Tukasimama tena sebuleni, safari hii kati ya magunia ya unga. Fimbo ikasikika. Nne. Kumi na moja. Akatokea, akasimama pale pale aliposimama asubuhi. Mlango wa barabarani ulikuwa kimya. Upepo ulitoka upande wa pili sasa, ukipita katikati ya stoo, na ulikuwa na harufu ya jivu, samadi, na maziwa.

Baba akageuka kulia.

Hakushika ukuta. Aliingia stoo, hatua moja, mbili, tatu. Ya nne, fimbo ikagonga mstari wa matofali. Tjikuua alisogea mbele nusu hatua, mkono umenyooka, na Shangazi akamshika mkanda.

Baba aliyapapasa yale matofali kwa ncha ya fimbo, kushoto hadi kulia. Kisha akayakanyaga kidogo kuona kama yanacheza.

"Kizingiti," alisema. "Nilidhani umekisahau."

Akainua mguu, akavuka. Nje alipunguza mwendo, si kwa woga. Alivua kofia. Hatua ishirini mchangani, na katika hizo hakuna hata moja iliyokosea. Fimbo ikagusa gogo la mgunga. Akaketi, akanyoosha viganja kwenye joto, akaanza kuwaita mmoja mmoja, baba yake, babu yake, babu wa babu yake, akiwaambia kwamba amehama na kwamba hajaenda mbali.

Tjikuua alitoka kupitia tundu lile lile, akachutama nyuma yake, na Baba akamtaja jina kwa wazee kama ilivyopasa kufanywa tangu asubuhi. Alipoinuka, kaka yangu alikwenda kwenye pikapu. Nilisikia mlango wa gari. Alirudi na blanketi kwapani, akalipitisha stooni bila kunitazama, akaenda kulitandika.

"Mlango uutie wiki hii," alisema aliporudi. "Nyoka wataingia. Nitaleta mbao."

"Ulete na mkono wa kusaidia. Fundi ana ahadi kwao."

"Nimesema nitaleta mbao."

Jua lilipogusa vichaka, Baba aliniita. Nilikwenda nikiwa mweupe kwa vumbi, viganja vimefungwa vitambaa. Alichagua kaa kwa fimbo, akalisukuma kwangu. Nikalitwaa kwenye kipande cha chungu, nikaelekea nyumbani.

Nilivuka kizingiti, nikasimama ndani na lile kaa linapumua mkononi. Nikafikiri kuhusu sebule, jiko, korido, vyumba vitatu, bafu, chumba cha mabuti. Katika ramani yote ile, milimita kwa milimita, hapakuwa na mahali pa kuweka kaa moja la moto. Nikachutama, nikafagia vumbi kwa kiwiko, nikaliweka pale chini ambapo asubuhi palisimama gunia la unga.